Kwa Nini Alikuwa Anageuka Nyuma

Kwa nini alikuwa anageuka nyuma? Mama aliniuliza swali hilo Jumapili moja jioni tukipanda kilima kurudi nyumbani, yeye mbele na beseni la karanga kichwani, mimi nyuma nimebeba kigoda chake. Nilikuwa na miaka kumi. Nguo zetu zilinuka petroli na kahawa, petroli kwa sababu ya jenereta iliyounguruma mchana kutwa, kahawa kwa sababu jenereta hiyo iliwekwa kwenye ghala la zamani la kahawa, na harufu ya kahawa kavu ikishaingia kwenye ukuta wa udongo haitoki hata ukipaka chokaa mara kumi. Chini yetu ilionekana barabara ya Muleba na basi moja likielekea Biharamulo, dogo kama kibiriti. Nilimwambia nilichosikia ukumbini, kwamba yule mtu wa kwenye picha alikuwa anageuka kuangalia kama watoto wamefika salama. Mama hakusimama, wala hakugeuka. Alisema tu, “Watoto walipanda mlima. Yeye alikuwa anatazama njia ya mtoni.” Nilishangaa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, karibu nipasue kioo kwa pua yangu, na sikuwa nimeona hivyo. Yeye alikuwa mlangoni anauza karanga, akichungulia vipande vipande kila pazia la gunia lilipopeperuka.

Nieleze ghala lile, kwa sababu mambo yote yalitokea humo. Lilisimama mahali njia tatu za kijiji zinapokutana, juu ya matuta ya Muleba, bati lake jekundu kwa kutu. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kulitumia, na baba yangu mdogo, Projestus, alikuwa amelikodi. Yeye ndiye aliyekuwa na jenereta, televisheni na deki, navyo vilimpa ukubwa ambao shule haikumpa. Kila Jumapili baada ya misa madirisha yalizibwa kwa magunia, mabenchi yakapangwa, sisi watoto tukakaa chini kwenye vumbi. Wanawake watu wazima hawakuingia. Hakuna aliyewakataza, ila hakuna aliyeuliza chakula cha jioni kingepikwa na nani. Mbele, pembeni mwa televisheni, alisimama Mwalimu Audax na fimbo ya kuonyeshea, kwa sababu picha zilikuwa za Kiingereza na yeye ndiye aliyefundisha Kiingereza shuleni kwetu. Alitafsiri kwa Kiswahili, akikolea anahamia Kihaya, na alipokuwa anahema kwa msisimko hata mbwa nje walinyamaza.

Picha iliyotuteka msimu ule ilikuwa ya kauboi. Ilikuwa ya zamani, rangi zake zimefifia mpaka anga na mchanga vikafanana. Mwanzoni gari la farasi limejaa wanawake na watoto linavuka daraja la mbao, likikimbia majambazi, kisha linapanda mlima kuelekea kwenye ngome. Wanaume wanne wanabaki darajani kuwazuia majambazi mpaka jua lizame. Mmoja wao ni mtu mzima mwenye nyonga mbovu, anatembea kama anayekanyaga miiba. Wengine watatu wanaongea naye, wanapanda farasi mmoja baada ya mwingine, wanashuka kwa njia ya mtoni na kutokomea. Anabaki yeye. Anatundika koti lake kwenye mti ili adui wadhani wako wengi. Anapiga risasi kwa kuhesabu. Na kila baada ya muda anageuka nyuma. Jua linapozama majambazi wanarudi walikotoka, naye amekaa ameegemea nguzo ya daraja, kofia magotini, amekufa. Watu wa kwetu walimpa jina. Walimwita Rutatina, asiyeogopa. Picha ile ilionyeshwa Jumapili nne mfululizo kwa sababu watu waliikataa nyingine yoyote.

Kwa tafsiri ya Mwalimu Audax, wale watatu waliondoka kwa woga. Wa kwanza, alisema, anadai mke wake mgonjwa. Wa pili farasi wake anachechemea. Wa tatu hana hata uongo, anaondoka tu. “Na Rutatina anawajibu,” Mwalimu alinguruma, fimbo juu, “nendeni! Mimi mwanamume, mahali nilipowekwa nitafia hapo hapo!” Ghala lilitikisika kwa makofi. Mzee Novati, au Ta Novati kama tunavyosema kwetu, mchinja nyama na jirani yetu wa upande wa juu, alisimama kwenye benchi na kuwatukana wale watatu kana kwamba walikuwa wamekula nyama yake bila kulipa. “Hao si wanaume! Wavalisheni gomesi wakauze ndizi!” Ta Kaijage, katekista wetu, mzee wa sauti ndogo, yeye alisubiri kelele zipungue ndipo atoe mafundisho. “Hata Petro alimkana Bwana,” alisema, “lakini Petro alilia. Hawa hawakulia.” Watu wakasema, waitu, ndugu yetu, umesema kweli. Baada ya picha walibaki nje wakibishana mpaka giza lilipokaribia, wengine wakionyesha kwa mikongojo yao jinsi ambavyo wao wangejipanga darajani, nani angekaa kushoto, nani kulia. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema angeondoka.

Hapana, alikuwepo mmoja. Baba mdogo Projestus, aliyekuwa anakusanya viingilio mlangoni, alicheka Jumapili ya tatu akasema, “Daraja ni mbao. Mtu anakufa kwa ajili ya mbao? Rutatina wenu ni mjinga.” Wakamzomea. Ta Novati akamwambia, “Funga mdomo, wewe ungeuza daraja lenyewe!” Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na baba mdogo naye akacheka. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi, kwa sababu ndiyo mara pekee niliyowahi kuona watu wa kijiji chetu wakimpinga baba mdogo hadharani, na walimpinga kwa ajili ya Mzungu aliyekufa kwenye kioo.

Baba yangu alikuwa amefariki mvua za vuli zilizotangulia. Tulimzika ndani ya kibanja, kama inavyofanyika kwetu, kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo mama angeweza kufika asubuhi na jembe lake akaondoa majani. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba, chakula, makaburi na jina la mtu, vyote mahali pamoja. Kile cha baba alikatiwa na babu siku alipooa. Babu alipima kwa hatua zake, akapanda milamula kwenye mpaka, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo kwetu kazi yake ni hiyo moja, kusema huku ni kwako na kule ni kwangu. Na kwa sababu mmea hauna mdomo, babu aliwaita majirani watatu washuhudie. Walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, siku nzima, wakatembea mpaka wote, kila mmoja akashindilia udongo kwa kisigino kwenye shina moja. Majirani hao walikuwa Ta Novati, Ta Kaijage na Mwalimu Audax. Babu alikuwa ameshakufa. Baba alikuwa ameshakufa. Waliobaki duniani wakijua mstari ulipita wapi walikuwa wao watatu, mama, na baba mdogo.

Asubuhi moja tulipoamka milamula ilikuwa imehama. Haikuwa imeng’olewa na kutupwa, hilo lingekuwa ugomvi wa wazi. Ilikuwa imepandwa upya, kwa mstari ulionyooka vizuri, hatua nyingi ndani ya kwetu. Mibuni yote iliyokuwa inazaa ikawa upande wa baba mdogo. Kaburi la baba likawa upande wa baba mdogo. Mama alichuchumaa na kugusa udongo kwenye mashina, ukiwa bado laini. Alikwenda kumuuliza shemeji yake. Alijibiwa kwamba wanawake hawajui mipaka, na kwamba yeye bado kijana, akaolewe kwingine. Jumapili iliyofuata alikwenda kuuza karanga palepale mlangoni kwa baba mdogo, kwa sababu karanga ndizo zilizotununulia daftari, na hiyo ndiyo Jumapili ya nne ya Rutatina, aliponiuliza lile swali. Alikuwa tayari amepeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji. Baraza lilipangwa Alhamisi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo msomaji asiye wa kwetu analihitaji. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya, kabla ya maneno hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, zikahifadhiwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Zamani wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu walikula buni mbili za tunda moja, na aliyemgeuka mwenzake baada ya hapo alitegemewa kuoza tumbo. Siku hizi watu hutafuna tu kama mtu anavyotafuna bigijii, wakitema maganda mlangoni. Lakini mama alikuwa mtoto wa watu wa zamani. Kwake yeye mtu aliyetafuna kahawa ya nyumba fulani hakuweza kutoka pale akaifanyia nyumba ile ubaya. Kikapu chake alikisuka mwenyewe kabla ya kuolewa, na hakikuwahi kukaa kitupu.

Jumatano alinituma kwa shangazi, ng’ambo ya bonde, kuazima gomesi. Alitaka kusimama mbele ya baraza akiwa amevaa kama mtu. Shangazi alinichelewesha kwa kunilisha, nikarudi jua likiwa limeshashuka. Nilikuta kile kikapu juu ya kigoda katikati ya nyumba, mfuniko pembeni, kahawa imepungua mpaka nusu. Nilidhani mama ameitafuna mwenyewe kwa mawazo. Alikuwa anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu msiba, na sikuuliza kwa nini. Watoto hawaulizi kuhusu furaha, wanakula tu sehemu yao.

Baraza lilikaa ndani ya ghala lile lile. Magunia yalikuwa yameondolewa madirishani, na mwanga ulionyesha jinsi mahali penyewe palivyokuwa pachafu. Mabenchi yalikuwa yale yale na watu walikuwa wale wale. Mwenyekiti alikaa mahali ambapo Mwalimu alizoea kusimama. Mama alisimama palipokuwa na televisheni, gomesi ya shangazi ikimpwaya mabegani, na nilipomwona hapo, watu wote wakimtazama, nilisikia fahari ya ajabu, kama kwamba picha sasa ilikuwa yetu. Alieleza mpaka wote kwa kichwa, shina kwa shina, kutoka kwenye jiwe la juu mpaka kwenye mfereji. Hakulia. Baba mdogo aliposimama alisema kwa kifupi: “Twendeni mkaone milamula ilipo. Mimi sina la kuongeza.” Mwenyekiti akamgeukia mama. “Ma Leokadia, waliokuwepo siku ya kupanda ni nani?” Mama akawataja wote watatu. “Wako wapi?” Mama akageuza shingo akatazama mlango, mlango ule aliozoea kukaa na karanga zake, na njia iliyoteremka nyuma yake. “Wako njiani,” akasema.

Nilijua anadanganya, na nilimpenda kwa uongo huo. Nilifikiri ni lile koti la Rutatina mtini, kwamba anamtisha baba mdogo adhani yuko na jeshi. Mwenyekiti alisubiri. Watu walikohoa. Mama aligeuka tena kutazama njia, akarudisha uso, akageuka tena. Mtu mmoja akasema Ta Novati amekwenda Muleba kununua ng’ombe. Mwingine akasema katekista ameitwa kwa mgonjwa. Habari za Mwalimu hakuna aliyekuwa nazo, ila nilipochungulia dirishani niliona baiskeli yake imeegemea ukuta wa shule, mahali ilipokaa siku zote za kazi. Na hapo ndani kulikuwa na watu zaidi ya hamsini ambao walijua milamula haikukaa pale mwezi uliopita. Walipita njia hiyo kila siku kwenda kuteka maji. Hata sisi watoto tulijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Wale wale waliojipanga kwa mikongojo, wewe kushoto mimi kulia, walitazama vidole vyao vya miguu. Penye wazee haliharibiki neno, tulifundishwa. Nani alitunga methali hiyo? Bila shaka mzee, na bila shaka siku hiyo alikuwa amenyamaza.

Mwenyekiti aliamua kwamba mpaka ni ule unaoonekana kwa macho. Alisema mmea hausemi uongo. Mama aliomba kitu kimoja tu, kwamba kaburi lirudishwe upande wake hata kama mibuni ingekwenda. Baba mdogo akasema angeweza kuja kulitembelea wakati wowote, akibisha hodi.

Tulikaa miezi michache kwenye kile kipande tulichobakiziwa, nacho hakikutosha kulisha hata kuku. Kilichoniumiza zaidi wakati ule sikukijua kuwa ni maumivu, kwa sababu kilikuja kimevaa nguo ya sifa. Watu walianza kumwita mama Ma Rutatina. Wa kwanza alikuwa Ta Novati mwenyewe, wiki moja baada ya baraza, akimfungia mama utumbo wa bure kwenye jani la mgomba. “Chukua, Ma Rutatina. Umesimama peke yako kama mwanamume!” Ta Kaijage alilisema kanisani kwa namna yake, kwamba kati yetu yuko mama mwenye moyo wa simba. Mwalimu aliniita mbele ya darasa na kusema, “Huyu ni mtoto wa shujaa, mpigieni makofi.” Nikapigiwa makofi. Niliyapokea. Nilitembea kijijini kifua mbele, mtoto wa shujaa, na miaka iliyofuata niliandika insha tatu za shule kuhusu ushujaa wa mama yangu, na zote zilipata alama za juu. Mama alizisoma moja baada ya nyingine kisha akazirudisha mezani bila neno. Nilidhani ni unyenyekevu.

Tuliondoka kijijini kabla ya mavuno ya kahawa, tukaja Bukoba, tukapanga vyumba viwili Kibeta. Mama alilima mchicha na maharage kwenye vipande vya kuazima, nami nikasoma. Alibeba vitu vichache, na kile kikapu cha kahawa kilikuwa kimojawapo, lakini tangu siku ya baraza hajawahi kumwekea mgeni kahawa ya kutafuna. Kilitundikwa msumarini, kitupu. Wageni wa Kihaya waliingia, wakatazama huku na huku, wakapewa chai. Nililiweka jambo hilo kwenye fungu la mambo yaliyoletwa na umaskini, fungu ambalo wakati ule lilikuwa kubwa na halikuhitaji maelezo.

Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza, na tangu hapo sijanyamaza, mpaka jamaa zangu wamechoka. Niliuliza kwa nini mwanamke anatunza kaburi ambalo si lake. Niliuliza kwa nini mwenyekiti alihitaji wanaume watatu ili aamini macho yake mwenyewe. Lakini kitu kimoja sikukiuliza. Nilikuwa naamini bado kwamba mama alisimama kwa ushujaa, na hasira yangu yote niliielekeza kwa baba mdogo, mtu ambaye angalau hakujificha. Hadi mwaka wa mwisho, chumbani kwa rafiki yangu, tukiwa tunapekua picha za zamani kwenye kompyuta yake kwa kukosa la kufanya, nikaliona daraja. Nililijua kabla farasi hajatokea. Nikamwambia rafiki yangu anyamaze, nikasogea karibu na kioo kama nilivyosogea nikiwa na miaka kumi, ila safari hii Kiingereza nilikijua.

Wale watatu hawakutaja mke mgonjwa. Hakuna farasi aliyechechemea. Wa kwanza alisema risasi hazitatosha, anakwenda kuzifuata kambini. Wa pili alisema anamsindikiza, njia si salama. Wa tatu aliweka mkono begani kwa yule mwenye nyonga mbovu, akasema, kabla jua halijagusa maji tutakuwa hapa, sote. Na yule mtu tuliyemwita Rutatina hakunguruma. Hakusema lolote kuhusu uanaume. Alisema neno moja: nawasubiri. Ndiyo maana alikuwa anageuka nyuma. Ndiyo maana alitazama njia ya mtoni na si mlima. Picha nzima niliyoishangilia Jumapili nne ilikuwa ya mtu anayengoja wenzake waliomwahidi. Niliirudia sehemu ile mara nyingi, rafiki yangu akauliza kama ninaumwa.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Muleba kwenye msiba, nikamkuta Mwalimu Audax amekaa kwenye kiti cha plastiki, mstaafu, miguu imevimba. Nilimwamkia. “Marahaba, Koku! Msomi wetu! Mama mzima, yule shujaa?” Nikakaa karibu naye nikamuuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba, wale watatu wa darajani walisema nini kabla ya kuondoka. Alicheka kwanza. Kisha akaona sikucheka.

“Walisema watarudi,” akajibu.

“Kwa hiyo ulisikia.”

“Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, nisisikie?”

“Mbona hukutuambia?”

Alitazama watu waliokuwa wanapakua chakula. “Binti yangu, watu walikuja kumwona shujaa. Ningewaambia huyu ni mtu anangoja wenzake wamemdanganya, nani angerudi Jumapili ijayo? Baba yako mdogo angeninyang’anya fimbo.” Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa zawadi, “Na ilikuwa nzuri zaidi vile. Hukuipenda?”

Niliipenda. Hilo ndilo linalonichoma hata sasa ninapoandika. Siku hizi maneno ya ushujaa yako kila mahali, kwenye simu, kwenye mahubiri, kwenye semina za vijana zenye soda na maandazi: simama imara hata ukibaki peke yako. Ninapoyasikia ninataka kuuliza swali moja tu, na nimeshaliuliza mara mbili mpaka nikaombwa nikae. Kwa nini amebaki peke yake? Nani alitakiwa kuwa naye? Kule kijijini kaburi la baba yangu sasa limo katikati ya mikaratusi ya baba mdogo. Mama hajabisha hodi hata mara moja. Ghala limeanguka upande mmoja, na wale waliokaa kwenye mabenchi yale bado wanasimulia, kwa majivuno kabisa, kwamba kijiji chao kiliwahi kutoa mwanamke asiyeogopa.

Kutoka kwenye msiba ule nilipanda basi moja kwa moja hadi Bukoba. Nilimkuta mama Kibeta uani, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilimwambia nimempatia jibu la swali lake, na ilibidi nimkumbushe swali lenyewe, au nilidhani ilibidi. Nikamweleza habari za risasi, kambi, mkono begani, jua na maji. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

“Nilijua,” akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu ile Alhamisi.”

Ndipo akaniambia alichokaa nacho muda wote huo, huku akichagua mawe kwenye maharage. Jumatano ile, nilipokuwa kwa shangazi nikilishwa, walikuja nyumbani wote watatu kwa pamoja, Ta Novati, katekista na Mwalimu. Waliketi. Akawawekea kikapu. Walitafuna kahawa yake mpaka ikafika nusu, wakatembea naye mpaka wote wa zamani wakihesabu mashina, na walipoaga, mmoja wao alimwambia asiwe na wasiwasi, avae vizuri, wao watakuwa pale kabla yake.